Wati za kwenye boksi, omu na pale ulipoziweka spika: kwanini mziki wa sebuleni haukupi raha

Wakuu, juzi kati shemeji yangu anayekaa Njiro alinipigia jioni, sauti imepoa kabisa, ananiambia njoo uniangalizie huu mziki maana nimeshachanganyikiwa. Alikuwa amenunua ampu (amplifaya, kile kifaa kinachokuza sauti na kusukuma spika) nzuri tu ya stereo, wati 50 kila upande, na spika mbili kubwa za mbao alizozipata Moshi kwenye mtumba wa Memorial, akazipakia kwenye Noah mpaka Arusha, akafunga mwenyewe, anawasha, besi hamna. Yaani sebule kubwa, spika zinafika kiunoni, alafu mlio kama redio ya mezani. Dada akawa anasema hata ile sabufa yetu ya zamani ilikuwa inapiga kuliko haya makabati.

Nilikaa pale kama saa moja na nusu, sikununua kitu, sikufungua ampu, na natoka pale mziki ulikuwa mwingine kabisa. Nitasema nilifanya nini, ila ngoja kwanza tupite dukani maana hela nyingi zinapotelea huko.

Ukiingia duka lolote la vifaa vya umeme mjini, Arusha au Moshi, kitu cha kwanza unachoonyeshwa ni namba kwenye boksi. Wati 3000, wati 8000, pembeni imeandikwa PMPO, alafu taa zinawaka rangi zote. Hiyo PMPO isikupe presha. Haina kipimo kimoja ambacho viwanda vyote wamekubaliana, kila mmoja anaandika anavyotaka, na hata pale inapotokana na hesabu ya kweli inakuwa ni kile kilele cha sehemu ndogo sana ya sekunde. Namba unayoitafuta ni RMS, ile ambayo ampu inaweza kuitoa mfululizo bila kuharibu sauti, na inatakiwa iseme ni kwa kila upande na ni kwa omu ngapi (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, tutafika huko). Huu ujanja wa namba sio wa leo wala sio wa huku kwetu tu, Marekani mwaka 1974 ilibidi serikali iweke kanuni ya kuwabana wauza ampu waandike wati za mfululizo, kwasababu matangazo yalikuwa yameshavuka mpaka.

Ukitaka kuhakiki palepale dukani bila kubishana na mtu, geuza kifaa nyuma usome pale waya wa umeme unapoingia. Utakuta imeandikwa kitu kama AC 220-240V, 50Hz, 60W. Hizo wati 60 ndo umeme kinaokula ukutani. Sasa kifaa kinachokula wati 60 kitatoa wapi wati 3000 za kuendelea? Ukishasoma hapo nyuma, ya mbele hayakusumbui tena.

Alafu kuna jambo la pili ambalo naona hata watu waliozoea mziki hawalijui, nalo ndo la muhimu kuliko hata wati zenyewe. Sikio letu halihesabu wati kama tunavyohesabu embe. Ukiongeza wati mara mbili, toka 50 kwenda 100, unachopata ni desibeli 3 tu (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti unaisikia ndio lakini ndogo, na ili mtu aliyekaa kwenye kochi aseme sasa mziki umekuwa mkubwa mara mbili unahitaji wati karibu mara kumi. Kumi. Kwahiyo mtu anayeongeza laki mbili ili atoke ampu ya wati 50 aende ya wati 80 amenunua kitu kidogo sana.

Ndo maana kabla ya kuangalia wati za ampu angalia spika ina desibeli ngapi. Kwenye karatasi yake au nyuma ya boksi utakuta 85dB, 88dB, 91dB, maana yake ukiipa wati moja ukasimama mita moja mbele yake itakupa sauti kiasi hicho. Spika ya 91 na ya 85 zinatofautiana desibeli 6, na desibeli 6 ni wati mara nne, yaani ampu ya wati 25 kwenye spika ya 91 inakupa ukubwa ule ule wa ampu ya wati 100 kwenye spika ya 85. Hapo unaona mtu anaweza kununua ampu ndogo akamzidi jirani aliyenunua kubwa, na wala hakuna uchawi. Na tukiwa hapo hapo, watu wawili wakiongea kawaida mezani ni kama desibeli 60, wakati spika ya 88 ikipewa wati moja tu, ukakaa mita tatu kwenye sebule ya kawaida, bado unapata zaidi ya 80. Wati moja! Muda mwingi sebuleni kwako unasikiliza kwa wati moja mbili hivi, zile zingine ni akiba kwa ajili ya ngoma inapopigwa ghafla.

Hiyo akiba sasa usiidharau, maana ndo inayookoa twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Chukulia ampu kama nyumba yenye dari. Mawimbi ya mziki yanapanda na kushuka humo ndani, ukizidisha volyumu yanagonga dari na vichwa vyake vinakatwa, badala ya mviringo yanakuwa bapa. Wimbi lililokatwa kichwa linazalisha kelele nyingi za juu ambazo kwenye wimbo hazikuwepo, na zote zinakimbilia kwenye twita, na twita ni kakoili kembamba ka waya kasikostahimili joto, kanaungua. Ndo unasikia mtu analalamika "spika zangu ni za wati 100, ampu yangu ya wati 20, imekuwaje zimeungua?" Zimeungua kwasababu ile ampu ya 20 ilibanwa mpaka mwisho usiku kucha kwenye send-off. Dalili ni moja na iko wazi, sauti inaanza kukwaruza, besi inakuwa ngumu haina mviringo, na kichwa kinaanza kukuuma. Ukisikia hivyo rudisha, hata kama kitasa cha volyumu bado kina nafasi, maana kitasa hakisemi wati, chanzo kikiwa na nguvu unaweza kufika mwisho wa ampu kitasa kikiwa nusu tu. Kubwa nayo usiipeleke kijinga, spika ya wati 50 ukiilisha 200 mfululizo inakufa vilevile. Ila ampu yenye wati sawa na spika au zaidi kidogo, ikichezwa kwa adabu, ni salama kuliko ndogo inayolia.

Omu. Hapa nitasema kwa kifupi maana wengi wanaogopa bure. Spika nyingi za nyumbani ni omu 8 au 6, za gari ni 4. Omu zikishuka ampu inasukuma umeme mwingi zaidi na inachemka zaidi. Nyuma ya ampu pale pa kufungia waya wameandika inavumilia ngapi, labda 6 mpaka 16. Ukichukua spika mbili za omu 8 ukazifunga kwenye tundu moja, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, ampu inaziona kama omu 4. Ukifanya hivyo na mbili za gari inaona 2, hapo itazima yenyewe kama ina ulinzi au itaungua kama haina. Ukizifunga kwa kufuatana, yaani umeme upite ya kwanza ndo uingie ya pili, mbili za omu 4 zinakuwa 8 na ampu inapumua. Basi, hesabu ni hiyo tu.

Saivi kuna hivi viampu vidogo vya Bluetooth, kiboksi kama pakiti mbili za sigara, kinaandikwa wati 100 mara mbili, ndani kina chipu kama TPA3116. Mi navipenda, havichemki sana kwasababu sehemu kubwa ya umeme unaoingia inatoka kama mziki na sio joto. Lakini jua kwamba nguvu yake inatoka kwenye adapta. Ukikipa adapta ya laptop ya volti 19 na spika za omu 8, kabla hakijaanza kukata vichwa unapata kama wati 22 kila upande, ukikipa volti 24 unafika 36 hivi. Hizo 100 hazipo pale. Na wati 22 safi kwa chumba na sebule ni mziki wa kutosha kabisa, kwahiyo kinunue ukijua unanunua nini.

Sasa mtumba. Kwa hela yetu hii, mtumba ndo mahali pa kupata spika za maana, kabati la mbao nzito lililotengenezwa Japani au Ulaya miaka ya themanini linaweza kukupa sauti ambayo boksi jipya la plastiki la bei hiyo hiyo halikupi. Ila kagua. Toa kile kitambaa cha mbele, weka vidole vinne kuzunguka katikati ya karatasi ya wufa, ile spika kubwa ya besi, isukume taratibu ndani. Inatakiwa iende na irudi laini bila kukwaruza, ukisikia mkwaruzo koili imeshaharibika, iache. Alafu gusa ule mzunguko wa pembeni unaoshika karatasi. Kama ni mpira sawa. Kama ni sponji, libonye, la zamani linamomonyoka mkononi kama keki iliyokauka, na hapo ujue unahitaji fundi wa kuliweka jipya, ni kazi inayowezekana ila ombea punguzo.

Kwenye ampu ya mtumba kagua volti kabla ya kitu chochote. Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, sisi 230. Miaka kadhaa nyuma nilinunua ampu iliyotoka Japani, nzito, kitasa cha chuma, nimeipenda toka naiona, muuzaji ananihakikishia ni ya kuchomeka tu. Nikafika nyumbani Sakina nikachomeka. Iliguna mmm, kama sekunde mbili, ikaja harufu ya vanishi inayoungua, alafu kimya. Transfoma ya ndani ilikuwa imekwenda, na fundi akaniambia kuipata kama ile ni kazi. Nyuma ilikuwa imeandikwa AC 100V kwa maandishi madogo ambayo sikuyasoma. Iliniuma mno. Kama ni ya 100V inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na omba ya kushusha mpaka 100 maana nyingi zinazouzwa zinashusha mpaka 110, tena iwe na uwezo karibu mara mbili ya umeme unaoliwa na ampu. Za Marekani zilizoandikwa 60Hz peke yake nazo zinachemka zaidi kwenye umeme wetu wa 50. Zingine nyuma zina kiswichi cha kuchagua volti, hizo ndo raha, lakini hakikisha kimesoma 220 au 240 kabla hujachomeka. Na weka ile gadi ya friji kati ya ukuta na ampu, umeme ukikatika ukarudi kwa fujo isubiri kwanza ndo iruhusu.

Hela igawe hivi: ukiwa na laki sita, laki nne iende kwenye spika, iliyobaki ampu na waya. Ampu mbili nzima zenye wati zinazokaribiana zinatofautiana kidogo sana masikioni, spika mbili zinatofautiana kama mbingu na ardhi. Waya usikuumize kichwa, wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unatosha sebule yoyote, kwa umbali mrefu chukua 2.5. Kwarua ncha kwa kisu uangalie, kuna nyaya zimepakwa shaba juu na ndani ni alumini nyeupe, zinapitisha umeme ila sio kama shaba, usizilipie bei ya shaba.

Turudi Njiro. Cha kwanza nilichofanya niliomba betri ya rimoti. Nikachomoa waya za spika kule kwenye ampu, nikagusisha ncha kwenye betri, ile ya nyekundu kwenye chanya, huku nimeshika tochi ya simu naangalia wufa. Spika ya kulia karatasi ikaruka nje, tup. Ya kushoto ikaingia ndani. Hapo hapo nikajua. Mahali fulani kwenye ile ya kushoto nyekundu na nyeusi zilikuwa zimepishana, kwahiyo moja inaposukuma hewa nyingine inaivuta, na besi zinakutana katikati ya sebule zinauana. Shemeji alikuwa amefunga sawa kabisa kwenye ampu, shida ilikuwa nyuma ya spika, kuna mtu zamani alishawahi kufungua akarudisha kinyume. Nikageuza waya mmoja. Dada alikuwa jikoni akatoka na mwiko mkononi kuja kuangalia kilichotokea.

Besi ilikuwepo siku zote. Spika yoyote ya mtumba ipimie betri kabla hujamlaumu mtu, gusisha tu, usishikilie.

Lakini bado mwimbaji alikuwa haeleweki amesimama wapi, na hii ndo sehemu ya stereo ambayo watu wengi hawajawahi kuionja japo wana spika mbili. Kuna injinia mmoja Mwingereza, Alan Blumlein, aliomba hataza ya stereo mwezi Desemba 1931, na inasimuliwa wazo lilimjia sinema na mke wake, anaona mwigizaji yuko upande mmoja wa skrini na sauti inatokea upande mwingine. Lengo lake tokea mwanzo lilikuwa sauti ikae mahali pake. Ukifunga vizuri, mwimbaji anasimama katikati kabisa, pale ambapo hakuna spika, gitaa kushoto, ngoma nyuma yake. Ukifumba macho unaweza kumnyooshea kidole.

Spika za shemeji zilikuwa kwenye pembe za chumba, zinatazama mbele kama askari, moja imebanwa na mkono wa kochi, na juu ya zote mbili kuna vile vitambaa vya kufuma vimening'inia mpaka kwenye twita, moja ina na chombo cha maua. Sauti za juu zinakwenda kwa mstari kama mwanga wa tochi, ukiziba unazipoteza. Nikamwomba dada ruhusa nikahamishia vitambaa kwenye meza. Alafu tukachukua kamba, tukapima kutoka sehemu anayokaa shemeji mpaka spika moja, urefu ule ule mpaka nyingine, na kati ya spika na spika karibu sawa, ikawa pembetatu ya kama mita mbili na nusu kila upande. Tukazitoa ukutani sentimita 40, tukazigeuza kidogo zimtazame. Twita inatakiwa ifike usawa wa sikio lako umekaa, sentimita 90 mpaka 100 hivi. Kama una spika ndogo za mezani usizitupe juu ya kabati karibu na dari, panga tofali nne za inchi sita zikilala kwa ubapa, unapata sentimita 60, weka spika juu na vipande vya kandambili chini yake zisiteleze wala kutetemeka. Zipake rangi, zitapendeza, na kama kuna mtoto anayejifunza kusimama zifunge kabisa.

Ukuta na pembe zinaongeza besi. Ndo maana ukiisogeza spika pembeni besi inavimba na kuwa ya kuunguruma noti moja, na ukiivuta mbele inakuwa safi ila ndogo. Chumba chenyewe pia kina noti zake, chumba cha urefu wa mita 4 kinashika besi ya karibu hezi 43 (mitetemo 43 kwa sekunde), inakuwa kubwa ukikaa umeegemea ukuta na inapotea ukikaa katikati. Huwezi kuiondoa kwa kitasa, unasogeza kochi nusu mita na unasikiliza tena. Sabufa ina njia yake nzuri sana: iweke juu ya kochi mahali unapokaa wewe, piga wimbo wenye besi inayotembea, alafu piga magoti uzunguke chumba kichwa kikiwa chini karibu na sakafu. Pale unaposikia kila noti ya besi inatoka sawa, ndo mahali pa kuiweka.

Nyumba zetu za siku hizi tofali, malumalu, jipsam na vioo vya alumini, piga kofi moja katikati ya sebule usikilize, kama linajibu tring basi kila wimbo utakaopiga unaongezewa hiyo tring. Zulia zito kati yako na spika, pazia nzito, kochi la kitambaa, ukutani shelfu ya vitabu vilivyopangwa bila mpangilio. Pale Njiro tulilaza zulia lililokuwa limekunjwa chumbani na tukafunga pazia, kofi likanyamaza.

Vya haraka haraka: kama umeunganisha TV kwenye ampu kwa waya wa mwanga (optical) na hakuna sauti, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV uweke PCM, ampu nyingi za stereo hazielewi lugha nyingine. Kama kuna mguno usioisha wa mmm, chomoa waya wa dishi kwenye kisimbuzi, mguno ukinyamaza umempata mchawi, chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, na ikigoma tafuta kitenganishi cha waya wa sauti (ground loop isolator) ukiweke kati ya kisimbuzi na ampu. Usikate pini ya erthi, hiyo inalinda roho yako. Na simu ikiwa kwenye Bluetooth au AUX iweke juu karibu na mwisho, volyumu uongozee kwenye ampu.

Kwa wale wa nyumba za kupanga, Kijenge, Majengo, Pasua, ukuta mmoja na jirani: besi ndo inayopenya, sauti za juu zinabaki kwako. Weka sabufa mbali na ukuta wa jirani, chini yake kipande cha godoro gumu, na ikifika saa nne izime kabisa ubaki na zile spika mbili. Zikiwa kwenye pembetatu yake, hata kwa sauti ya kuongea, mwimbaji bado atakuwa amesimama pale katikati.